Waliobaki Ukumbini

Hanok Lohutane alifanya kazi ya ukarani wa tarafa kwa sehemu kubwa ya maisha yake, lakini mjini wanamkumbuka kwa fagio. Ukiuliza leo kwenye ukumbi wa mafunzo wa wilaya watakuambia: ah, yule mzee aliyekuwa akituzimia viyoyozi. Wanaishia hapo. Mimi nilimjua tangu tukiwa watoto tunaochezea matope ya kinamasi cha sago, ule mti unaotupa unga wa kuoka, na mama yake alikuwa shangazi yangu, kwa hiyo nayajua mengine.

Nianze na baba yake. Mzee Zeth alikuwa mwita wa nyumba ya Lohutane. Kijijini kwetu Hatuwela, kusini mwa kisiwa cha Seram, kila nyumba, yaani kila ukoo, ilikuwa na mwita wake: mtu mmoja anayejua majina ya wafu wa nyumba hiyo kwa mpangilio, tangu yule wa kwanza kabisa. Majina hayo hayaandikwi, wala hayafundishwi huku chini pwani. Mwita akiona miaka inamwelemea, humchukua mwanawe, hupanda naye mlimani mpaka kijiji cha kale, ambako hakuna kilichobaki ila mawe ya misingi na mikenari mirefu, miti yetu ya kokwa. Huko humtambulisha kijana kwa wenyeji, yaani wafu hao. Huyu ni fulani, mtoto wa fulani, yeye ndiye atakayewaita baada yangu, ijueni sauti yake. Kijana hushuka akiwa na majina. Sisi ni Wakristo, kanisa letu lina mnara, na mchungaji huwa na shughuli nyingine siku hizo.

Wazee huitiwa kwenye baileo, nyumba yetu ya mashauri. Imejengwa juu ya nguzo, na kila nguzo ina nyumba yake. Haina kuta. Wageni hudhani mbao zilituishia. Haina kuta ili walioitwa waingie upande wanaoutaka na watoke upande wanaoutaka. Mwita hutandika kitambaa cheupe, huweka sahani ya tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, huita. Shughuli ikiisha huwasindikiza, mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule. Kuita bila kusindikiza ni kama kumwalika mkwe nyumbani, kisha ukafunga mlango kwa nje ukaenda zako shamba.

Serikali ilipoamua kwamba vijiji vyote vya nchi hii kubwa vifanane, tukapewa mwenyekiti badala ya chifu na namba badala ya jina. Mwenyekiti akaizungushia baileo kuta za mbao, akaweka humo saruji. Mzee Zeth alikwenda mchana kweupe na mtaimbo akaanza kuzibandua.

"Mzee, hiyo ni mali ya serikali," mwenyekiti alimwambia.

"Chukua mbao zako. Mimi nataka hewa tu."

Hanok alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa tarafani, na ikawa kazi yake kuandika taarifa juu ya baba yake mwenyewe. Aliandika kwamba kuta zilibanduliwa na upepo. Mkubwa wake alimwuliza ni upepo gani unaong'oa misumari na kuipanga pembeni kwa unadhifu. Hanok akasema, wa huku kwetu, bwana. Nilimpenda sana siku ile.

Mzee Zeth akamtambulisha mlimani, kisha akafa, naye akajiunga na hao aliokuwa akiwaita. Hanok akawa mwita. Alikuwa mwita wa siku za mapumziko, maana siku nyingine alikuwa ofisini. Alioa, akazaa binti ambaye alihamia Ambon, mji wa kisiwa jirani, na kuolewa huko, akanenepa kidogo. Mkewe, Yakomina, alikuwa mwokaji wa sago. Ukipita kwao asubuhi harufu ya sago kwenye kalibu za moto inakufuata mpaka kisimani. Alikuwa mwembamba, mwenye kuhisi baridi hata jua likiwa utosini. Alikufa kifua kikimbana, masika yale yale tuliyosikia kwamba sheria imebadilika tena.

Sheria mpya ilisema kijiji kinachoweza kuonyesha ardhi yake, viongozi wake wa asili na mila zake zilizo hai, kitambuliwe kuwa kijiji cha mila, na msitu wake uwe wake. Kwetu msitu wa juu ulikuwa unaazimwa na kila kampuni yenye msumeno, kwa hiyo hilo halikuwa jambo dogo. Jina letu tulinyang'anywa kwa saini moja. Kulirudisha kulihitaji ramani, mihuri, makabrasha na semina. Waliotakiwa kuja kutukagua ni maofisa wa tarafa na wilaya, na hao walikuwa hawajui hata wapi pa kukaa wakiingia kijijini. Ndipo wakaitwa mjini kufundishwa.

Habari za semina hiyo alinisimulia Hanok mwenyewe, mara nyingi mno, na wenzake wawili waliokuwemo walinisimulia vilevile bila kupishana. Ukumbi ulikuwa mpya. Madirisha yake ni vioo vilivyogandishwa ukutani, hayafunguki. Milango ina chuma juu kinachoirudisha yenyewe, ukishapita inajifunga nyuma yako taratibu, kama mtu anayekuchungulia mgongo. Viyoyozi vilikuwa vinavuma tangu asubuhi na maofisa wamevaa makoti.

Mkufunzi aliitwa Bi Retno, mama wa Kijava mwenye mvi na sauti ya chini. Sitamsema vibaya. Alikuwa mtu mwema aliyeijua kazi yake, na hilo linaniudhi mpaka leo, maana ningependa kupata wa kumlaumu. Aliwaambia maofisa kwamba kosa lao ni kuingia kijijini na majibu mfukoni. Aliwafundisha kukaa mkekani, kusubiri, kuuliza swali moja na kunyamaza. Siku ya mwisho, kabla ya chakula cha mchana, akasema wataigiza. Kundi moja liwe maofisa, jingine liwe wanakijiji wanaofungua shughuli kwa kuita wazee wao, na maofisa wajifunze kutulia wakati huo.

Kundi la kwanza mwita wao alikuwa kijana wa idara ya kodi. Alisimama akafumba macho, akanyoosha mikono, akaanza kuita majina ya wachezaji wa mpira, kuanzia golikipa. Ukumbi ulivunjika mbavu. Alipofika kwa mshambuliaji wa kati akajidai anatetemeka, na watu wakagonga meza. Bi Retno naye alicheka, kwa heshima.

Kundi la pili lilikuwa la tarafa yetu. Mkuu wa tarafa, Bwana Ferdinan, alimgeukia karani wake.

"Mzee Hanok, mwita ni wewe. Hiyo iko kwenye damu."

"Nipeni niandike muhtasari, bwana mkubwa."

"Muhtasari wataandika vijana. Wewe kaite."

"Jambo hili haliigizwi."

"Kila kitu kinaigizwa. Mimi hapa naigiza mkuu wa tarafa mwaka wa nne, na hakuna aliyenigundua."

Wakacheka tena. Bi Retno akasema, "Mzee Hanok, kama hupendi si lazima. Tutampata mwingine." Alimfungulia mlango kabisa, yule mama. Lakini kutoka viti vya nyuma kulikuja sauti: "Mwacheni, ameshayasahau. Mwita gani ana kitambi cha ofisini?"

Nimewaza sana juu ya kilichomsimamisha. Hasira haikuwa. Hanok hakuwa mtu wa hasira. Aliniambia kwamba kile kicheko cha golikipa kilikuwa bado kinazunguka juu ya dari, na alijiona anakaa chini yake kama mtu aliyekubali. Alitaka wasikie mara moja tu jinsi inavyokuwa. Basi.

Hapakuwa na tambuu. Mezani kulikuwa na kisahani cha pipi za mnanaa, zile wanazowekewa washiriki wasisinzie. Alichukua tishu, akaitandika, akaweka kile kisahani juu yake. Kisha akaita.

Alianza na wa kwanza. Alisema hakukusudia kwenda mbali, angetaja wawili watatu akome. Lakini majina yale ni kama ngazi, ukishaanza kushuka mguu wenyewe unatafuta kipandio kinachofuata. Yule kijana wa kodi alikaa vizuri kwenye kiti. Hanok akashuka mpaka kwa babu yake, mpaka kwa baba yake, na alipofika mwisho wa ngazi akakuta kipandio kipya ambacho mguu wake haujakizoea, akakikanyaga. Akasema, Yakomina.

Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Bi Retno alifuta macho, akasema, "Hivi ndivyo mtu anavyotakiwa kusikilizwa. Tutalijadili baada ya chakula." Wapishi walikuwa wameshafungua mlango wa nyuma, harufu ya samaki wa kukaanga ikaingia, watu wakaondoka. Bwana Ferdinan alimshika Hanok mkono akamvuta kwenye foleni ya sahani huku akimsifia.

Hawakujadili kitu. Naibu mkuu wa wilaya aliwahi kufika, alikuwa na ndege ya kuwahi, kwa hiyo baada ya chakula wakaingia moja kwa moja kwenye vyeti. Hanok alinyoosha mkono.

"Subiri mzee, utaitwa. Vyeti vya wote vipo," mshereheshaji alimwambia.

Alinyoosha tena, watu wakatabasamu. Kisahani cha pipi kilikuwa kimeondolewa. Tishu mtu alikuwa amejifutia mdomo. Wakapiga picha, wakaagana, na mlinzi akaanza kuzima taa.

"Naomba niingie kidogo," Hanok alimwambia. "Nimesahau kitu."

"Kitu gani?"

Akasema, "Miwani."

"Miwani umeivaa, mzee," mlinzi akasema, akafunga.

Alipofika kijijini hakuja kwangu mpaka siku ya pili. Nilikuwa nakatakata kamba za rattani za kusukia vikapu barazani. Alikaa, akatazama baileo iliyo mbele ya nyumba yangu, akasema:

"Binamu, nimewaacha mjini."

"Kina nani?"

"Wazee. Wote. Na Yakomina."

Nilidhani ni mafumbo ya semina. Aliponieleza niliweka kisu chini. "Uliwaita ndani ya kuta?"

"Ndiyo."

"Na uliwapa nini?"

"Pipi za mnanaa."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinizuia. Nikamwambia labda hawakwenda. Labda walijua ni mchezo. Hanok akatikisa kichwa. "Walikuja, binamu. Wewe hujawahi kuita, huwezi kujua. Wakija, sauti yako inarudi nzito kidogo, kama unasema kwenye chumba chenye watu. Ilirudi nzito." Akaokota kipande cha kamba, akasema: "Mle ndani mna baridi. Hakuwahi kupenda baridi."

Mbwa wa kijiji walikuwa na desturi ya kulala kando ya nguzo ya Lohutane, kwa sababu ndiyo yenye kivuli asubuhi. Sijui walihama lini. Niligundua tu kwamba wamejazana upande wa pili, juani, na kivuli kipo kitupu.

Kamati ya ukaguzi ilikuja kabla ya masika. Naandika haya kwa kinyongo, lakini ni haki: mafunzo yalikuwa yamewaingia. Bwana Ferdinan alivua viatu bila kuambiwa. Walikaa mkekani. Waliuliza swali moja wakanyamaza, na wazee wetu, ambao kwa miaka mingi walizoea kufokewa, walisema mpaka wakachoka. Ramani ikatandazwa, mipaka ikaafikiwa. Ikabaki kufungua baileo.

Kila mwita huita wa kwake mbele ya nguzo yake, kisha hupasua popoo vipande viwili na kuvitupa. Kimoja kikitazama juu na kingine chini, wapo. Nyumba yangu iliita, wakawapo. Nyumba zilizofuata, wakawapo. Hanok alikuja wa mwisho, amevaa shati jeupe. Aliita kwa sauti nzuri kama siku zote. Akatupa. Vipande vyote viwili vililala kifudifudi.

Alirudia. Kifudifudi. Akabadilisha popoo, akatupa tena, vikalala vilevile. Wageni walidhani ni sehemu ya mila, wakatulia kama walivyofundishwa. Sisi tulikuwa tunatazama miguu yetu. Shangazi yake, Mama Batseba, dada wa mzee Zeth, alikuwa amekaa karibu na nguzo ile. Aliigonga kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Mti mtupu," alisema.

Bwana Ferdinan aliniinamia akaniuliza, "Imekwenda vizuri?"

"Imekwenda," nilimjibu.

Tukatambuliwa. Karatasi zao zilikuwa na sehemu ya mipaka, ya viongozi, ya mila zinazotendeka. Hazikuwa na sehemu ya kuuliza kama wenyewe wapo nyumbani. Tulichinja nguruwe. Siku hiyo hiyo, watu wakiwa bado wanakula, Mama Batseba alimwita Hanok nyuma ya nyumba, nami nikiwapo.

"Mwanangu, mtu akifa hupokelewa na nani?"

"Na watu wa nyumba yake, shangazi."

"Mimi mifupa yangu inaniambia sichelewi kuondoka. Nikifika nitabisha wapi? Hapa? Hapa hakuna mtu. Mjini mimi sipajui, sijawahi hata kwenda hospitali yao. Nenda kawalete."

"Nitawaleta."

"Na usiwape peremende."

Alikwenda na kitambaa kipya, na tambuu ya kweli, na popoo la mlimani. Msimamizi wa ukumbi alimwambia kuna harusi, arudi. Aliporudi alikubaliwa kuingia, kwa sababu alikuwa na kitambulisho cha serikali. Aliegemeza kiti mlangoni usijifunge, akatandika kitambaa, akaanza kusindikiza tangu wa kwanza. Katikati ya majina msimamizi akaja akaondoa kiti. "Mzee, unatupotezea ubaridi." Mlango ukajirudia. Hanok akaanza upya, akakiweka kiti, kikaondolewa. Hatimaye alimaliza akiwa ameshikilia mlango kwa kisigino. Alikunja kitambaa, akakibeba kifuani njia nzima bila kukiweka chini, hata kula hakula. Kijijini alikitandika mbele ya nguzo na kutupa popoo. Mama Batseba aliviangalia vipande vilivyolala kifudifudi mara moja tu, akaingia ndani.

Mama Batseba akafa kabla hatujavuna kenari. Mwishoni alikuwa anauliza njia ya kwenda mjini. Anauliza ukifika kwenye daraja unakata wapi.

Baada ya mazishi hayo Hanok aliandika barua ya kuacha kazi. Alikuwa amebakiza kidogo tu afikie kustaafu kwa heshima zote. Bwana Ferdinan alikuja mwenyewe kumbembeleza, akamkuta anafunga mzigo.

"Mzee Hanok, unakwenda wapi?"

"Kwenye ule ukumbi. Wanatafuta mfagiaji."

"Unanitania."

"Wewe ulisema kila kitu kinaigizwa, bwana mkubwa. Nakwenda kuigiza mfagiaji."

Ferdinan hakucheka. Nadhani siku ile ndipo alipoelewa kitu, ingawa hakujua ni kitu gani.

Mimi nilimwambia maneno makali zaidi. Nilimwita mjinga. Nilimwambia mtu haachi kijiji kilichotambuliwa leo akaenda kulala kwenye stoo ya mafagio. Alinisikiliza, akafunga kamba ya mzigo, akasema, "Nilikuwa na mke nikamfungia mahali pa baridi, binamu. Wewe ungelala wapi?"

Basi akawa huko kwa miaka. Nilimtembelea nilipoweza. Alikuwa anaamka kabla ya wote, anazima viyoyozi, anafungua milango yote na kuizuia kwa matofali, na ukumbi unakaa wazi mpaka wahusika wafike na kuanza kugomba. Chini ya meza ya mkufunzi, pembeni kabisa, aliweka kisahani cha tambuu. Walimwachia, wakidhani ni chambo cha mende. Kila asubuhi alisindikiza, tangu wa kwanza mpaka Yakomina. Nilimwuliza kwa nini hawaondoki, ikiwa milango iko wazi.

"Mlango ni kitu kimoja," alisema. "Wao hawakuzoea kuonyeshwa pa kupita. Wamezoea kutoka popote. Wakigeuka, ukuta. Wakigeuka, ukuta. Naona wamekaa tu."

"Unawaona?"

"Hapana. Asubuhi nikifungua nasikia harufu ya sago inayookwa. Halafu upepo ukiingia inakatika."

Nilisimama pale katikati ya viti nikanusa. Palinuka zulia. Lakini nisiseme uongo: nilipotoka na mlango ukajirudia, sikupenda kuupa mgongo.

Mpwa wake, kijana aliyesoma na kulelewa katika nyumba ya Lohutane, alimfuata mara mbili huko akitaka kufundishwa majina. Kijiji kilikuwa kinamsukuma. Kanuni za kijiji cha mila zinasema kila nyumba iwe na mwita. Hanok alimpikia, akampa mahali pa kulala, na hakumfundisha.

"Mjomba, basi nitajie tu, nitayashika. Nina kichwa kizuri."

"Najua unacho. Lakini majina hupewi na mimi, unapewa na wenyewe, kule juu. Sasa nikupandishe mlimani nikutambulishe kwa nani? Nibishe kwenye nyumba ambayo wenyewe nimewatoa mimi?"

"Nitambulishe hapa, basi."

Hanok akatazama viti, kipaza sauti, picha ya rais ukutani. "Hapa ni ugenini," alisema. "Mtu hapewi jina ugenini."

Semina ziliendelea. Wilaya ilikuwa imepata sifa, na maofisa wa wilaya nyingine waliletwa pale kujifunza jinsi ya kutambua vijiji vya mila. Bi Retno hakuja tena, lakini zoezi lake lilibaki. Nilikuwapo siku moja. Kundi lilimchagua mzee mmoja mwenye uso wa watu wa ndani ya kisiwa, ambaye alikataa, akataniwa, akainuka. Alikuwa ameshaweka tishu mezani. Hanok aliingia na fagio kama anayetafuta kitu chini ya viti, akafika kwake, akamwinamia sikioni. Yule mzee alimtazama, akaikunja tishu. Kisha akafumba macho akaanza kuita wachezaji wa mpira, na ukumbi ukacheka.

"Umemwambia nini?" nilimwuliza Hanok nje.

"Nimemwambia aanze na golikipa."

Alianguka ndani ya ukumbi ule ule, asubuhi, milango ikiwa wazi. Hospitali hawakumpata akiwa hai. Binti yake alipiga simu kutoka Ambon, na ni mimi na mpwa wake tuliokwenda na gari kumchukua. Njiani tulibishana. Kijana alisema tumpeleke moja kwa moja, jua ni kali. Mimi nikasema tutapita ukumbini. Mlinzi alikuwa mwingine, mtu mpole, alimjua mzee. Alitufungulia. Tulimwingiza Hanok na jeneza lake tukamweka kati ya viti. Nilizima viyoyozi, nikazuia milango yote kwa matofali yake mwenyewe. Kisahani kilikuwepo chini ya meza, tambuu yake imekauka.

Mimi si Lohutane. Nikasema tu kwamba yeye anatoka sasa, na anayetaka kutoka naye atoke, hatuna haraka. Tulikaa. Mlinzi alivua kofia. Kisha tukambeba na kutoka, mpwa wake akiwa mbele na mimi nyuma, na nilipokuwa navuka kizingiti niliona jeneza limekuwa zito. Kijana akasema ni kwa sababu ya ngazi. Inawezekana. Mimi ni mzee.

Tulimzika karibu na Mama Batseba. Baada ya hapo watu walikusanyika baileo, wakanitazama, kwa kuwa ndiye niliyebaki wa rika lake. Mpwa akaleta popoo na kisu. Alitaka kujua. Wote walitaka kujua: wamerudi naye, au naye amebaki nao kule?

Lakini popoo halitupwi bila kuita, na kuita huanza na wa kwanza. Mimi namjua mzee Zeth, nilimwona aking'oa kuta. Namjua Batseba. Namjua Yakomina, na sago yake. Namjua Hanok. Hao ni wa mwisho wa ngazi, wale walio karibu na ardhi. Wa kwanza simjui, wala mtu yeyote aliye hai hamjui. Kumruka ukaanzia katikati ni kuingia nyumba ya watu kwa kubomoa paa.

Nilimrudishia kijana popoo lake. Akaliweka mfukoni.

Kijiji chetu kina kibao barabarani sasa, chenye jina letu la zamani na muhuri wa wilaya, na misumeno haipandi tena msituni. Watoto wanapiga picha hapo. Nguzo ya Lohutane ipo, imepakwa mafuta, haina mchwa. Asubuhi nikipita huwa naigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kisha naangalia mbwa wamelala upande gani. Siku nyingine wako juani. Siku nyingine mmoja wao huja mpaka ukingoni mwa kile kivuli, akanusa, akakaa.